Siku Tuliyotoa Bati kwa Mama Zaina

Bati ya zamani haitoki kwa hasira, vijana. Ninabaona ninyi kule juu, munasukuma chuma chini ya musumari kama batu benye banavunja duka. Bati inapasuka, munaitupa chini, inalia mpaka batoto ba quartier, ba mutaa wote, banakimbia. Hapana. Anza juu kabisa, kwenye faîtière, ile bati ya kukunja yenye inafunika mugongo wa nyumba. Weka kipande cha ubao chini ya chuma, ubao ubebe nguvu, bati isiumie. Yenye ilikuja mwisho siku ya kujenga njo itatoka ya kwanza. Ukifuata njia ile utashusha paa nzima, na mutu ataweza kuipigilia tena mahali pengine.

Mimi nilifundishwa na Papa Muhindo. Nyundo ilikuwa imemuharibu masikio, kwa hiyo siri zote za kazi alikuwa anatuambia kwa kelele, na majirani bote balizijua. Alikuwa na desturi moja: akimaliza paa, alikuwa anangoja mvua. Mvua ikianza anavaa koti, anakwenda kukaa ndani ya ile nyumba pamoja na mwenye nyumba, anakunywa chai yake, anaangalia juu. Hakuna tone? Anaaga. Kuko tone? Anapanda kesho yake bila kuambiwa.

Mwenzetu mumoja hakupenda desturi ile. Tulikuwa tunajenga kule Musienene, siku ya soko, na yeye alitaka kuwahi soko. Akapiga misumari mifupi, tena upande mumoja tu wa upepo. Upepo wa mulima ulikuja saa za mangaribi, ukainua paa yote kama mutu anavua kofia, ukaiweka katika shamba la maharagwe la mama mukwe wake. Yule mama akatoka, akaizunguka paa, akaangalia sana, kisha akasema: "Mukwe wangu, asante, lakini nyumba yangu iko kule." Papa Muhindo alicheka mpaka akatoka machozi. Alipomaliza kucheka, akamupatia yule mwenzetu jembe, akamuambia ashike maharagwe yote yenye yalilala, moja moja, ayasimamishe.

Ninaanza na ya kucheka kwa sababu yenye inafuata haichekeshi.

Ninyi mulizaliwa mukakuta Butembo ya katikati inameta vioo. Sisi tuliikuta ya matofali ya udongo, chokaa nyeupe, baraza mbele, bati zenye kutu. Kisha bafanyabiashara balianza kununua zile nyumba, parcelle moja, ni kusema kiwanja kimoja, kisha ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, balaze chini, basimamishe étage, nyumba za ghorofa. Étage hapana kuhitaji charpente, zile mbao za kubeba bati. Juu kuko dalle, kifuniko bapa cha béton, ile zege. Kwa hiyo sisi, benye tulijua kusimamisha paa, tukageuka batu ba coffrage: kupanga mbao za kushikilia béton, zenye zinatolewa béton ikikauka. Unajenga kitu cha kutupwa. Na katikati ya kazi ile, banatuita kushusha zile paa tulizopandisha sisi wenyewe. Nyundo yangu ilikuwa ile ile, ila sasa nilikuwa ninatumia upande wake wa nyuma, ule wa kungoa.

Sisemi étage ni mbaya. Batoto bangu balisoma kwa béton ile. Ninasema tu kile niliona.

Mama Zaina alikuwa na vyumba vya kupangisha, mustari mumoja, milango inaangalia barabara. Bwana yake alikuwa transporteur wa mizigo, alikuwa na camion, lori, yenye ilikuwa inakwenda mpaka mupakani, na alijenga ule mustari kwa pesa ya camion. Papa Muhindo njo alisimamisha paa. Mimi nilikuwa bado ninajifunza, nilikuwa ninamupatia misumari. Bwana alipokufa, Mama Zaina alibaki pale barazani na sahani yake ya sambusa, mutandio kichwani, na quartier yote ilikuwa inapita mbele yake. Ukitafuta mutu, hukuhitaji kuuliza mbali. "Nenda kwa Mama Zaina." Yeye alikuwa anajua nani alihama, nani alizaa, nani alikuwa Kampala na atarudi lini.

Miguu yake ilipokataa kutembea, mutoto wake mwenye anakaa Kisangani akakuja kumuchukua. Parcelle ikauzwa kwa mufanyabiashara mumoja, patron wetu wa kazi. Majirani ba pande zote mbili balikuwa bamekwisha kuuza kwa yule yule patron. Basi siku tulifika na ngazi zetu, ule upande wote wa barabara ulikuwa mutupu. Vyumba vilikuwa wazi, mapazia hayako, kuku hazipo.

Mulango mumoja tu ulikuwa na mutu. Mama mumoja alikuwa anashona nje kwenye mashine ya muguu, batoto babili pembeni banavunja mukate. Alituangalia tunaegemeza ngazi, hakuacha kushona.

"Karibuni, papa. Munakuja kutoa bati?"

"Njo kazi yetu, mama. Hawakukupa habari?"

"Balinipa. Bengine bote balienda. Mimi sitoki."

Nilifikiri anatafuta apewe kitu kidogo cha kuhamia. Nikamuambia kwa upole kwamba mimi ni fundi tu, aongee na patron. Akashika gurudumu la mashine na mukono, likasimama.

"Sitafuti kitu. Bwana yangu anajua hapa tu."

Jina lake ni Kavugho. Yeye na bwana yake, Paluku, balitoka upande wa Beni, kijijini, balikimbia na batoto mugongoni wakati batu ba pori, bale ba bunduki, balishambulia. Balifika Butembo bila kujua mutu. Mutu mumoja akabaonyesha kwa Mama Zaina, na Mama Zaina akabafungulia ule mulango. Walikaa. Kisha msimu wa kakao ukafika, na kakao yao ilikuwa inaoza kwenye miti. Paluku akasema atakwenda siku chache tu, avune, arudi. Batu ba pori balikuja tena. Bengine baliuawa, bakazikwa. Bengine balichukuliwa, bakabebeshwa mizigo, bakapotea nao porini. Katika benye balizikwa, Paluku hakuwemo.

"Telefone yake haipite," Kavugho aliniambia. "Na namba yangu iko katika telefone yake, haiko katika kichwa yake. Nani anashika namba kwa kichwa siku hizi? Kama iko muzima, kama balimuacha, atakuja wapi? Muji huu wote anajua mulango huu na Mama Zaina. Mama Zaina alienda. Sasa munataka mulango pia uende?"

Vijana bangu balikuwa bananiangalia na nyundo mukononi. Nikabaambia: "Anzeni ule mwisho mwingine."

Tukaanza ule mwisho mwingine. Nilifanya kazi ile kama Papa Muhindo alivyotaka, bati moja moja, ubao chini ya chuma, misumari inanyooshwa na kuwekwa katika kopo. Kazi nzuri ni ya polepole, hakuna mutu anaweza kukulaumu. Patron alipokuja na buti zake za matope, alitazama sana.

"Muzee Kambale, mashine ya kuchimba iko njiani. Mbona ule upande bado?"

Nikamueleza. Alikuwa mutu wa hapa hapa, mukristo, mama yake alikuwa anauza majani ya sombe, ya muhogo, sokoni zamani, tulimujua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa kofia, akairudisha.

"Mimi nimufanyie nini? Nisijenge?"

Alikwenda kuongea na Kavugho, akachuchumaa mbele ya mashine ya kushona ili asisimame juu yake, wakaongea muda murefu. Alimuacha akae mpaka mwisho wa juma, na akasema camion yake itabeba vyombo vyake popote anapotaka. Kavugho alimuambia "wasingya", asante ya Kinande, lakini bila kumuangalia.

Siku yake ilipofika, nilipanda mwenyewe. Sikutaka kijana afanye ile. Chumba kikafunguka, mwangaza ukaingia mpaka chini ya kitanda. Vyombo vilikuwa vimekwisha pandishwa kwenye camion. Nilidhani Kavugho amekwenda. Kumbe alirudi na ufagio. Akainama, akafagia chumba chenye hakikuwa na bati, kona zote, akakusanya uchafu, akautupa nje. Kisha akafunga mulango kwa ufunguo, akajaribu kama umeshika, akafunga ufunguo katika ncha ya kitenge chake. Vijana bangu babili balishuka, bakaenda kusimama nyuma ya nyumba. Kesho yake mashine ikasukuma ule ukuta, na mulango ukalala chini ukiwa bado umefungwa.

Alipata chumba juu kule, mahali muji unaisha na mikaratusi inaanza. Sisi tukaanza kusimamisha étage.

Sentinelle, mulinzi wa chantier pale tulijenga, alikuwa muzee mumoja anaitwa Ndungo. Nilimueleza: mutu akikuja kuuliza Mama Zaina ao Kavugho, umushike, umupe kiti, unitume habari. Ndungo alielewa. Kila siku ya Mungu, misa ikitoka, Kavugho alikuwa anapita na batoto bake. Barabara pale inapanda sana. Ndungo akimuona tu chini kule anaanza kutikisa kichwa, ili asichoke kupanda bure. Kavugho ananyanyua mukono, anageuka.

Étage iliisha. Béton ilikauka, tukatoa mbao zetu, bengine bakaweka vioo na vigae. Ndungo akarudi kulima kwao. Mahali pake pakakuja kijana mwenye uniforme, nikamueleza yale yale, akasema "hakuna shida, papa." Yule naye akahamishwa, akakuja mwingine, mwenye sikumujua. Na mimi goti langu likakataa ngazi. Nikarudi nyumbani kuchunga mboga zangu. Kavugho hakupita tena mara nyingi. Kumuuliza mutu mwenye hakujui, mbele ya vioo vile, ni kazi.

Kisha patron akanipigia. Dalle ilikuwa inavuja. Ninyi munapenda kucheka bazee ba bati, lakini sikilizeni: dalle bila mutelemuko ni beseni. Maji hayajui kama nyumba ni ya kisasa, yanatafuta tu njia ya kushuka. Nilipanda ngazi za ndani na goti langu, nikaona maji yamesimama kule juu kama ya bata kuogea. Nikaonyesha vijana mahali pa kupasua na kumwaga chape mupya, tabaka la saruji yenye inalala upande. Mvua ikatushusha. Nikakaa mulangoni na sentinelle, tunakunywa chai ya tangawizi, tunangoja ipite. Alikuwa kijana muzuri, wa maneno mengi.

"Papa, hapa mulangoni tunaona mambo," akasema anacheka. "Kulikuja wazimu mumoja. Nywele murefu, miguu bila viatu. Anasimama hapa hapa ulipokaa. Anauliza eti kwa Mama... Mama Zaina ni wapi. Nikamuambia hapa hakuna Mama Zaina, hapa banauza vigae. Anasema hapana, hapa kulikuwa mulango. Anaanza kugusa ukuta, anagusa tu, anatembea nao mpaka kule, anarudi."

Nikamugeukia.

"Kisha?"

"Kisha anauliza mwanamuke. Kavu... Kavugho. Batu banaanza kujaa. Mutu mumoja anasema huyu ametoka porini, muangalie miguu yake, anaweza kuwa mwenzao. Nami nikaogopa. Nikamuambia: toka hapa, nitaita askari, basoda. Aliposikia basoda, papa, alishuka barabara mbio."

"Ni lini?"

"Mwezi uliopita. Mbona, papa? Unamujua?"

Nikamuambia. Aliweka kikombe chini. Akasema: "Papa, mimi sikujua. Mimi mwenyewe ni mukimbizi. Nilitoka Oicha. Mimi ninajua nani hapa?"

Nilikuwa nimeinua kichwa kutafuta mutu wa kukasirikia. Nikaangalia kijana, nikaangalia upande wa pili wa barabara: duka la rangi, duka la matairi, mama wa mandazi mwenye mwavuli mupya. Bote bageni. Hakuna hata mumoja angeweza kumuambia Paluku, "Bibi yako iko juu kule, kwenye mikaratusi, twende nikuonyeshe." Zamani batu kumi wangemuambia kabla hajamaliza jina. Njo siku ile nilielewa kile tulikuwa tunashusha pamoja na bati.

Nilipanda kwa Kavugho mvua ikiwa bado. Alikuwa anashona uniforme ya mutoto wa jirani. Nilimueleza yote, sikuficha lile la basoda. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya kitambaa. Mwishoni akauliza:

"Aligusa ukuta?"

"Aligusa."

"Upande gani?"

Sikujua. Akainuka, akakunja ile uniforme yenye haijaisha, akaita jirani abaki na batoto.

Ndungo, kama angekuwa, angejua mahali Paluku alielekea. Sisi tulikisia tu: mutu mwenye amefukuzwa Butembo atarudi kwa ndugu. Mukubwa wake, Kasereka, alikuwa anakaa Beni, commune ya Ruwenzori, na Kavugho hakuwa na namba yake. Asubuhi tukapanda gari. Kavugho alivaa kitenge chake kizuri, akapaka mafuta usoni, akabeba shati moja ya mwanaume katika sachet, mufuko wa plastiki. Njiani alisema mara moja tu: "Papa Kambale, atakuwa amekonda." Nikasema ndiyo, atakuwa amekonda.

Beni kulikuwa joto, pikipiki zinapiga kelele, camion za kakao zimesimama foleni. Kasereka alikuwa anatengeneza kiti nyuma ya nyumba. Aliinua macho, akamuona Kavugho mulangoni mwa lupango, kile kiwanja chake, akakaa chini kwenye udongo. Alikaa tu, na nyundo mukononi.

"Shemeji," akasema, "si ulikuwa Uganda?"

Hapo nilijua. Kavugho pia alijua, kwa sababu aliweka ile sachet chini polepole, kama kitu chenye kinaweza kuvunjika.

Kasereka alitueleza hivi. Paluku alitoroka porini baada ya muda murefu, mgonjwa, kifua kimeharibika. Hakusimama Beni. Aliogopa Beni. Alipita moja kwa moja, mara kwa muguu, mara juu ya magari ya mbao, mpaka Butembo, kwa sababu kule kulikuwa na bibi yake. Alipofukuzwa kule alizunguka, aliuliza muchuuzi mumoja njiani, akaambiwa bakimbizi ba zile nyumba za zamani balienda Uganda. Akarudi kwa mukubwa wake kutafuta nguvu ya kwenda Uganda.

"Alikuwa anasema: nilifika, nyumba haiko. Nilifika, mutu haiko. Mara nyingine anajikasirikia, anasema labda nilikosa barabara. Niliita munganga, alikuja, alitoa dawa. Shemeji, nguvu hazikurudi. Tulimuzika, sasa ni majuma matatu."

Mama wa nyumba alileta viti. Kavugho hakukaa. Alikuwa amesimama na mikono imeshikana tumboni. Nilingoja alie. Aliuliza:

"Alikula?"

"Nini, shemeji?"

"Alipofika hapa. Alikula?"

"Alikula. Bugali na sombe. Siku ya kwanza alikula vizuri, akaomba tena."

"Mulimuongezea?"

"Tulimuongezea."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Kisha akavuta kimoja cha vile viti, akakaa.

Vijana, ninyi mutaendelea kuvunja, sisemi musivunje. Lakini mutakapoegemeza ngazi, ulizeni bale bamebaki banakwenda wapi, na majina yabaki katika midomo ya batu, hapana ya mumoja tu. Nilimuambia Ndungo, Ndungo akaenda. Ingefaa nimuambie mama wa mandazi, na mwenye duka la rangi, na kila mutu. Ile si kazi ya fundi, najua. Hakuna mutu mwingine anaifanya.

Kavugho hakurudi kukaa Butembo. Kasereka alimukatia kipande katika lupango lake, karibu na mahali Paluku amelala, na nilimupelekea bati zenye nilikuwa nimehifadhi, nzito, za zamani, za ule mustari wa Mama Zaina. Nilipanda na goti langu, Kasereka ananishikia ngazi, ananipatia misumari. Hakukuwa na mvua ya kungoja, jua la Beni lilikuwa linachoma, kwa hiyo nilitumia njia nyingine ya kupima paa: mutu anaingia ndani, anafunga mulango na dirisha, anatafuta kama kuko tundu lenye linaingiza mwangaza.

Kavugho aliingia, akafunga. Nilikuwa bado juu.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, Papa Kambale. Kuko giza tu."

"Njo vizuri," nikasema. "Bati imeshika. Unaweza kufungua."

Nilikusanya misumari iliyobaki, nikashuka polepole, nikafunga nyundo katika gunia. Alikuwa bado hajafungua.